Mstari wa Mwanasiti

Kisa hiki sikuhadithiwa na mtu. Kilinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, akili zangu timamu na tumbo langu limeshiba, hapo Kuze, katika kisiwa hiki cha Mombasa. Nautaja mchana kwa sababu najua utakavyosema: huyo aliona kivuli cha taa, huyo alikuwa usingizini. Hapakuwa na taa wala usingizi. Ukitaka usiamini, ni hiari yako, lakini usiniambie niliota. Ndoto haimkai mtu kooni miaka yote hii.

Wakati huo wa vita vya pili vya dunia nilikuwa mnakili. Watu waliniletea vitabu vyao vya zamani, vilivyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, nami nikavinakili upya kwa kalamu ya mwanzi na wino. Kazi niliyoipenda zaidi ni nasaba, yale madaftari ya ukoo yanayosema fulani alimzaa fulani. Mkono wangu ulikuwa mzuri. Nasema hivyo ingawa si adabu mtu kujisifu, kwa kuwa uzuri wa mkono huo ndio ulioniponza. Watu walikuwa wakisimama mlangoni kwangu kutazama tu ninavyoikata kalamu, nami nikijifanya siwaoni, kumbe nawaona wote.

Siku moja akaja Mzee Abubakari na kitabu kimefungwa katika kitambaa cheupe. Mzee huyu alikuwa msimamizi wa nyumba ya wakfu, nyumba kubwa ya ghorofa ambayo babu yao mmoja aliiacha iwe makao ya kizazi chake. Sharti lake lilikuwa moja na jepesi. Aliyetokana na mtu aliyeandikwa katika kitabu cha nasaba alikuwa na haki ya kukaa humo akihitaji. Asiyetokana naye hakuwa na haki. Kitabu chenyewe ndicho hicho alichonishikisha, na kilikuwa kimeliwa na wadudu hata ukikifungua unga unamwagika mapajani.

"Maalim," akaniambia, "mimi mato yangu yamekwisha, na kitabu nacho chaisha. Tunakilie kabla hatujapotea sote."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, macho yangu mimi bado yaona. Nilikuwa na karatasi nene chache nilizozinunua kabla ya vita, na wakati ule madukani hukupata tena karatasi ya namna ile, kwa kuwa meli zilikuwa na shughuli nyingine. Nikazihesabu, nikaona zinatosha kitabu kizima bila ya kubaki hata moja. Kwa hiyo kila ukurasa ilibidi utoke sawa mara ya kwanza.

Nilikaa na kazi ile wiki nyingi. Sasa nisikilize vizuri, maana kosa lenyewe ni dogo, na ukilikosa hutanielewa. Katika kitabu kile kila mtu alipewa mstari wake, na mstari uliishia kwa jina la baba. Wanawake waliandikwa pamoja na watoto wao hapo hapo. Kulikuwa na ukurasa wa watoto wa Shee Omari. Mstari mmoja ulisema, "Mwanakheri, mamake Saidi, binti Shee Omari." Uliofuata ulisema, "Mwanasiti, mamake Fatuma, binti Shee Omari." Niliandika wa Mwanakheri mpaka mwisho, nikachovya kalamu, nikarudisha macho kwenye kitabu cha zamani. Macho yakaangukia "binti Shee Omari" wa mstari wa pili, nikadhani ndio niliomaliza sasa hivi, nikaendelea na mtu wa tatu. Mnakili yeyote atakwambia jambo hili hutokea. Ni kufumba na kufumbua tu, na watu wawili wametoka duniani.

Ndiyo sababu kuna desturi ya kulinganisha. Kazi ikiisha, mtu mmoja husoma kitabu cha kale kwa sauti na mwingine hukifuata kipya kwa kidole, neno kwa neno. Ni kazi ya watu wawili. Mimi niliifanya peke yangu. Unajua kwa nini? Sikutaka mtu akae mbele yangu aniambie, "Maalim, hapa umekosea." Basi hivyo tu.

Nikafika ukurasa wa Shee Omari, nikaona pengo. Ukurasa ule, niamini, ulikuwa mzuri kuliko wote niliopata kuandika maishani. Nilikuwa nimeuzungushia nakshi ya majani kwa wino mwekundu, na mistari imekaa kama imepimwa kwa uzi, na kweli ilipimwa kwa uzi. Dawa ya kosa langu ilijulikana na kila mwanafunzi. Mtu hutia alama ndogo mahali paliporukwa, kisha akaandika mstari uliosahauliwa pambizoni, kando ya ukurasa. Si aibu. Vitabu vya wanazuoni vimejaa pambizo za namna hiyo. Ilikuwa kazi ya kunywa kikombe kimoja cha kahawa.

Sikuifanya. Nilitazama ile nakshi, nikaona ule mstari wa pembeni utakavyoharibu, kama kiraka kwenye kanzu mpya. Karatasi nyingine sina. Nikajiambia, huyu Mwanasiti amekufa zamani, mwanawe amekufa, nani atamuuliza? Nikafunga kitabu. Hata leo nikikumbuka nilivyokifunga polepole wino usichafuke, naona haya.

Kilichofuata ni kibaya zaidi. Karatasi yenye jina la Mungu haitupwi, wala haifungiwi karanga. Desturi yetu kitabu kilichokwisha huoshwa. Wino wa zamani ulikuwa wa masizi na gundi, ukiutia maji unatoka. Mzee Abubakari aliniachia mimi kazi hiyo. Nikateka maji ya kisima cha msikitini, nikayatia kwenye beseni safi, nikaosha ukurasa mmoja mmoja mpaka karatasi zikawa nyeupe na maji yakawa meusi. Mstari wa Mwanasiti niliuona ukitoka. Niliusugua kwa kidole gumba. Maji nikayamwaga nyuma ya msikiti, mahali pasipokanyagwa, na karatasi nikazizika.

Ukoo ule ulikuwa na kawaida. Kila mwezi wa Shaaban, kabla ya kufunga, walikutana katika nyumba ya wakfu wakasoma khitma, kisomo cha kuwarehemu wafu wao, kisha majina yote ya kitabuni yakasomwa, na kila jina likasomewa Fatiha. Mwaka huo nikaheshimiwa kuwa msomaji, kwa kuwa kitabu kilikuwa kipya na mwandishi ni mimi. Wanaume walikaa ukumbini, wanawake nyuma ya pazia.

Nyuma ya pazia hilo alikuwapo Bi Zuhura. Alikuwa mjane wa makamo, hana mtoto, akiishi chumba cha chini katika nyumba ile na kushona kofia za kuvaa na kanzu. Nilimjua kwa kofia zake. Sikumjua kwa nasaba yake, wala sikujishughulisha kuuliza. Nikasoma kwa madaha, nikivuta sauti. Nikafika kwa Mwanakheri, watu wakasoma Fatiha, nikaenda kwa mtu wa tatu.

"Maalim," sauti ikatoka nyuma ya pazia, "umemruka nyanya yangu."

Mzee Abubakari akageuza kichwa. "Nani, Zuhura?"

"Mwanasiti. Mamake mamangu. Baada ya Mwanakheri huja Mwanasiti. Mimi sijui kusoma, lakini kila mwaka nasikia."

Mzee akakitwaa kitabu, akakisogeza puani, akapitisha kidole. Akampa na mwingine mwenye macho mazuri asome. Jina hamna. Baadhi yao walisema wanamkumbuka Mwanasiti akitajwa, baadhi wakasema huenda ni mtu wa ukoo mwingine, majina yenyewe yanafanana. Mzee akaniangalia.

"Maalim, ulikilinganisha na kile cha kale?"

Nilikuwa na nafasi. Kumbuka hilo. Mungu alinipa nafasi ya wazi kabisa, mbele ya mashahidi, na ulimi wangu ulikuwa mzima.

"Nililinganisha, Mzee," nikasema.

 Nyuma ya pazia nikasikia mkeka, mtu anainuka, na nyayo zikishuka ngazi.

Sharti la wakfu lilikuwa lile lile. Mzee Abubakari hakuwa mtu mbaya. Alihangaika siku kadhaa, akawauliza wazee, lakini kulikuwa na kijana wa ukoo anaoa na hana pa kukaa, na jamaa wakasema kitabu ndicho hakimu. Bi Zuhura akaambiwa atoke. Hakugombana. Alimwita hamali na mkokoteni, akapakia godoro, sanduku na kikapu cha nyuzi zake, akaenda Mbaraki kwa wifi yake. Alipita chini ya dirisha langu. Nilisimama nyuma ya kibao cha dirisha nikamtazama, na alipoinua macho nikarudi nyuma.

Siku mbili baadaye ndipo alipokuja yule mwingine.

Ilikuwa baada ya Adhuhuri, wakati ambao Kuze watu wote hujinyoosha mpaka Alasiri na vichochoro vinabaki na paka. Mlango wangu niliuacha wazi nipate mwanga. Kitabu kile kile kilikuwa mapajani mwangu, kwa kuwa Mzee alinirudishia nikishone mgongo na kukitia jalada la ngozi. Nilikuwa na sindano mkononi.

"Hodi."

Nikainua kichwa. Mwanamke alisimama kizingitini, mwanga uko nyuma yake, uso siupati vizuri. Hakuvaa buibui. Alivaa ukaya, ile shela nyembamba ya zamani ambayo mimi niliiona kwa nyanya yangu tu nilipokuwa mtoto, na aliyekuwa bado akiivaa Mombasa wakati ule sikumjua. Nikadhani ni bikizee wa nyumba za jirani.

"Karibu, mama. Wataka kuandikiwa barua?"

"Sitaki barua, mwanangu. Nambiwa chuo cha watu wa nyumba ile ki kwako."

Chuo maana yake kitabu. Wazee wetu ndivyo walivyosema, na hata wakati ule neno hilo kwa maana hiyo lilikuwa limeanza kuadimika.

"Kipo, lakini si changu," nikamwambia. "Wewe ni nani wao?"

"Mimi ni wao. Kifunue."

Akaingia. Hapo nikaona mikono yake. Ilikuwa imerowa mpaka viwiko, na maji yaliyokuwa yakichuruzika kwenye vidole yalikuwa meusi. Nikafikiri anatoka kukosha masufuria. Nikakifungua kitabu.

"Nitakusomea, mama. Wamtafuta nani?"

"Sikuja kusomewa. Kusoma sijui. Lakini mahali nalipokuwa napajua."

Akainama. Hakuuliza, hakupapasa. Aligeuza kurasa mwenyewe mpaka ile ya Shee Omari, akaweka kidole baina ya mstari wa Mwanakheri na ule uliofuata, pale penye uwazi mwembamba usiotosha hata herufi. Na mimi, wallahi, jambo la kwanza lililonijia halikuwa hofu. Nililia, "Mama, maji! Utaniharibia ukurasa!"

Akanitazama. Sasa uso nikauona. Ulikuwa uso wa Bi Zuhura, ule ule, paji lile na kidevu kile, ila umezeeka kupita kuzeeka. Na karatasi chini ya kidole chake ilikuwa kavu. Matone yalikuwa yakianguka kwenye mkeka wangu, na mkeka ulikuwa mkavu.

"Hapa," akasema. "Nalikuwa hapa na mwanangu Fatuma. Mbona watulaza nde?"

Mbona unatulaza nje. Ndivyo alivyosema, kwa upole, kama mama anayemuuliza mtoto kwa nini amefunga mlango. Angelinigombeza ningelipata la kushika. 

"Nitakuandika," nikasema. "Sasa hivi, mama. Mbele yako."

"Mkono ulionitoa hautoniweza," akajibu. "Lakini kinywa unacho."

Nikageuka kuchukua kidau cha wino, kilikuwa kando yangu, si mbali. Niliporudisha uso hapakuwa na mtu. Nikatoka mbio. Upande mmoja wa kichochoro kile ni ukuta mtupu mrefu, na kwenye kona alikaa muuza kahawa akipanga vikombe vyake. Nikamuuliza bikizee aliyetoka kwangu ameelekea wapi. Akaniambia hajapita mtu tangu aliporudi msikitini. Akaniuliza kama nina homa.

Nikarudi ndani, nikafunga mlango, nikachovya kalamu. Pambizoni mwa ule ukurasa wangu mzuri nikaandika herufi ya kwanza ya Mwanasiti. Wino ukakusanyika ukawa tone, ukateremka, ukaacha karatasi nyeupe. Nikaandika tena, hivyo hivyo. Nikatwaa karatasi nyingine, kipande cha kufungia, nikaandika jina langu, likashika. Nikaandika Mwanakheri, likashika. Nikaandika Mwanasiti, likateremka. Nilibadilisha kalamu, nikabadilisha wino, nikaandika kwa kalamu ya risasi ya seremala, na hiyo ikateleza isiache alama. Nilikaa sakafuni nikalia, nakwambia kweli, mtu mzima na ndevu zake.

Sasa utauliza: kwa nini hukwenda kwa Mzee Abubakari saa ile ile? Ndilo swali ninalojiuliza mimi. Mambo yalikuwa wazi. Mkono wangu haufai, lazima aandike mwingine, na mwingine atataka kujua sababu, na sababu ni mimi. Nikasema nitakwenda kesho. Kesho yake nikasema Mzee ana wageni. Kisha mwezi wa Ramadhani ukaandama, nikasema si vizuri kumtibua mtu amefunga. Nilipata sababu kila siku, na zote zilikuwa nzuri. Nilimwogopa maiti, lakini niliwaogopa zaidi walio hai, wale waliosimama mlangoni kutazama ninavyokata kalamu. Ndivyo nilivyokuwa. Sitajipamba.

Aliyenivunja ni Bi Zuhura mwenyewe, bila ya kujua. Katika kumi la kwanza la mfungo alinijia wifi yake kutoka Mbaraki, kanifuata kwa miguu jua kali na yeye amefunga.

"Maalim, Zuhura akusalimu sana. Asema hana kinyongo nawe, wewe umeandika ulichokikuta. Ana ombi moja. Umwandikie jina la nyanyake kwenye kikaratasi, kwa mkono wako mzuri, aliweke chini ya mto. Asema kama watu hawatamsomea Fatiha, atamsomea yeye peke yake, lakini ataka jina liwe limeandikwa mahali."

Kwa mkono wangu mzuri! Nilimtazama yule mama, nikamwambia mkono unaniuma. Akaniombea shifaa, nipone haraka. Akasema atarudi siku nyingine, akaondoka na jua lake. Nikamsikiliza mpaka mlio wa viatu vyake ukaisha, kisha nikavaa kofia, moja ya zile alizozishona Bi Zuhura, nikakichukua kitabu.

Nilimkuta Mzee Abubakari kwenye baraza ya msikiti baada ya Alasiri, na jamaa wa ukoo wamekaa naye, wengi wao waliokuwapo siku ya khitma. Ningeweza kumwita pembeni. Nikakumbuka nililoambiwa kuhusu kinywa. Nikasimama mbele yao wote nikasema.

"Mwanasiti, mamake Fatuma, binti Shee Omari, alikuwamo. Mimi ndiye niliyemruka. Nililiona kosa nikalificha, na Mzee aliponiuliza nikamficha. Bi Zuhura kasema kweli."

 Mzee akasema polepole, "Na kile cha kale kiko wapi, Maalim?"

"Nilikiosha kwa mikono hii."

"Basi shahidi ni nani?"

"Ni mimi, Mzee. Hakuna mwingine."

Akaninyooshea mkono nimpe kitabu na kalamu. Akaandika yeye, kitabu juu ya goti, macho hayaoni na mkono unatetemeka. Herufi zilipanda zikashuka, nukta zikakaa mbali na wenyewe, na wino mwingine ukadondokea kwenye nakshi yangu nyekundu. Lakini ulishika. Nilisimama juu yake nikaangalia unavyokauka. Habari za yule mwanamke sikuwaambia siku hiyo, kwa kuwa nilihofia watasema nimeungama kwa kutishwa. Na hawangekosea sana.

Siku ya pili tukaenda Mbaraki, Mzee na mimi. Bi Zuhura alikuwa ukumbini kwa wifi yake, kofia imo mikononi. Mzee akamwomba radhi, akamwambia chumba chake ni chake, kijana ameambiwa atatafutiwa pengine.

"Ahsante, Mzee," akasema bila ya kuacha kushona. "Lakini sirudi. Siku niliyotoka, Kuze nzima ilikuwa madirishani. Nikirudi nitabisha mlango wa nani na wa nani, niwaambie sikuwa mwongo? Jina la nyanya yangu likisomwa, basi. Mimi nimepata pa kulala."

Nikapiga magoti pale mkekani, nikamwomba anisamehe. Sindano ikasimama. Alinitazama kwa uso ule ule niliokuwa nimeuona ukiniinamia kitabuni, nikajikuta natazama mikono yake kama imerowa. Ilikuwa mikavu.

"Mimi yangu nimekusamehe, Maalim," akasema. "Ya nyanya yangu si yangu kuyasamehe. Hayo muombe mwenyewe."

Hajui alichonitwisha, au pengine alijua. Bi Zuhura aliishi Mbaraki mpaka alipofariki, miaka mingi baada ya vita, na hakukanyaga tena nyumba ya wakfu hata siku ya khitma. Naye sasa yumo kitabuni, kaandikwa na mtu mwingine. Mimi niliacha kunakili nasaba tangu mwaka ule. Nasaha za harusi na barua za watu naandika, majina ya kale siyagusi.

Ila jina moja nalijaribu. Kila Shaaban, baada ya Adhuhuri, naketi na kidau changu naandika Mwanasiti. Wino hukusanyika ukateremka. Mwaka huu pia umeteremka. Najua siku utakaposhika nitakuwa nimesamehewa, kwa hiyo nimekuwa mtu wa kumngoja yule niliyemfungia mlango. Mchana wote wengine wakilala, mimi mlango wangu u wazi. Nimemngoja nikiwa kijana, namngoja nikiwa na mkongojo. Hajaja.

Basi wewe unayeandika majina ya watu wako, sikia. Usilinganishe peke yako. Ukiona umemruka mtu, mwandike pambizoni siku hiyo hiyo, hata kama ukurasa utachafuka, hata kama watu watakucheka, na usikioshe cha kale mpaka mwingine amekuhakikishia. Na ukipita Kuze mchana vichochoro vimetulia, ukamwona bikizee wa ukaya anakwenda mikono inamchuruzika, usimkimbie wala usimuulize anatafuta nani. Mwelekeze kwangu. Mwambie nipo, na mlango haujafungwa.